Ukuta Usiotaka Msumari

Asubuhi ya tarehe sita Januari, saa tatu na robo, Bibi Parania Hrynchuk, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, mcha Mungu asiye na mfano na mshindi mara nne wa shindano la matango ya siki la parokia, alipanda kigoda akiwa na nyundo ya mwanawe mkubwa mkononi, akatenda uhalifu.

Uhalifu wenyewe haumo katika sheria za jimbo la Saskatchewan. Umo katika sheria za nyumba ile, na sheria ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji: HAKUNA KUPIGA MSUMARI MPAKA MASHINE IONDOKE. Orest aliiandika kwa penseli nene ya ufundi, akapigia mstari neno la kwanza, akarudi baada ya nusu saa akapigia mstari na mengine yote, kwa kuwa alikuwa na miaka hamsini na minne na kwa miaka yote hiyo alikuwa mtoto wa mama huyu.

Wakati huo hakuwapo. Alikuwa ametumwa dukani kununua samaki wa chumvi. Mlo Mtakatifu wa mkesha wa Krismasi, ambayo kwa kalenda ya zamani ya kanisa lao ni tarehe saba Januari, unataka vyakula kumi na viwili visivyo na nyama, na Parania alikuwa amemwambia, kwa uso wa huzuni, kwamba amehesabu akapata kumi na kimoja. Chupa ya samaki ilikuwa chini ya kitanda chake, imefunikwa kwa soksi.

Alikuwa na sababu, tena nzito: kilo nne na nusu, ukihesabu na kioo. Picha ya Mama wa Mungu ilivuka bahari ikiwa ndani ya mto wa manyoya, na kwa miaka hamsini na minane ilikaa kwenye kona ya mashariki ya sebule hii. Tangu Oktoba, Orest alipobomoa kuta kwa upande wa ndani, ilikuwa ikiishi kabatini katikati ya makoti, kama mgeni aliyeambiwa asubiri kidogo kisha akasahauliwa. Jioni hii, nyota ya kwanza ikitokeza, familia ingekaa kula mbele ya kona tupu. Parania alikuwa mvumilivu wa mambo mengi, lakini hilo hapana.

Alianza na usafi. Alifunga kitambaa chenye maji kwenye mpini wa ufagio akaifuta kona yote hadi juu, pamoja na msalaba mdogo wa penseli ambao fundi fulani mchafu alikuwa ameuacha karibu na dari. Kisha akapiga msumari wa kwanza pale alipoona panafaa, yaani pale ambapo mwanamke aliyesimama sakafuni angeweza kuibusu picha bila kuletewa ngazi.

Msumari uliingia kama kwenye mkate. Akatundika picha. Picha ikashuka, na msumari ukaifuata, pamoja na kipande cha ukuta kikubwa kama biskuti. Aliidaka kwa kifua.

Bodi ya jipsamu ni unga wa mawe uliofungwa ndani ya karatasi. Msumari hushika pale tu penye mti nyuma yake. Parania alilijua hilo, kwa hiyo akautafuta mti. Aliutafuta kwa misumari tisa, kushoto na kulia, mpaka ukuta ukafanana na shina lililogongwa na kigogota. Mti hakuupata. Ndipo akaleta kisu cha mkate, akalipanua lile tundu la biskuti hadi likaweza kupitisha mkono, akauzamisha mkono mpaka kifundo, kama mkunga. Kulikuwa na nailoni. Ikachanika kwa sauti ndogo ya kuudhika. Nyuma ya nailoni kulikuwa na pamba ya kioo. Mti hakuna. Na pale kwenye kifundo, ambapo ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ya kitunguu, akahisi upepo wa nje, wa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, ukimpa mkono.

Alishuka, akakaa juu ya kigoda, nyundo mapajani.

Nje, mbali, lilisikika gari la Orest likipiga chafya barabarani. Bibi wa miaka themanini na mmoja anaweza kufanya kazi haraka akiwa na dhamira mbaya. Parania alisukuma meza ya cherehani hadi konani, akaiegemeza picha juu yake palepale penye tundu, akaizungushia kitambaa kirefu cha kutarizi kwa uzi mwekundu na mweusi kama desturi inavyotaka, akakusanya vumbi jeupe kwenye aproni, na misumari akairudisha koponi kwa mpangilio wa ukubwa.

Orest aliingia, masharubu yameganda, samaki kwapani. Akaiona picha. Akasimama akaitazama kwa muda.

“Umeiegemeza tu,” alisema. “Asante kwa kuvumilia, Mama.”

Parania alisema si kitu, akaenda kukoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa.

*

Ukuta ule ulikuwa kazi ya miezi mitatu, na kabla hatujaendelea kumcheka mtu, ni haki kazi hiyo iheshimiwe.

Majira matatu ya baridi mfululizo, ukuta wa nyuma ya kitanda cha Parania ulitiririka maji. Uliota madoa meusi, kisha manyoya, kisha, karibu na sakafu, familia nzima ya uyoga. Metro, mdogo wake Orest, ambaye ni mhasibu mjini Saskatoon na anajua kila kitu, alisema paa linavuja. Paa likatengenezwa mara mbili. Maji yakaendelea kuja, na Parania akaanza kukohoa kikohozi kisichoisha na theluji. Mwezi wa Septemba daktari alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu kuliko ilivyo heshima, akasema mapafu haya hayatamaliza baridi nyingine ndani ya nyumba yenye kuvu.

Ndipo Orest, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akipachika bodi kwenye nyumba za watu wengine, akifokewa na mabosi aongeze kasi, alichukua nyundo akaufungua ukuta wa nyumbani kwao. Pamba ilikuwa nyeusi na imelowa kama sponji ya kuoshea vyombo. Mbao zilikuwa zimeoza upande wa ndani, si upande wa nje.

“Hayatoki juu,” alimwambia mama yake. “Yanatoka kwetu. Ni pumzi zetu na mvuke wa sufuria zako. Unaingia kwenye ukuta kupitia nyufa, unakutana na baridi, unakuwa barafu. Jua likipata nguvu, barafu inayeyuka.”

“Kwa hiyo nimeiozesha nyumba kwa kupumua.”

“Si wewe peke yako, Mama. Na mimi nimesaidia.”

Akabomoa kuta zote za nje kwa upande wa ndani, akaanza upya. Parania alimtazama kutoka jikoni, mwanzoni kwa huruma, kama mtu anavyomtazama ndugu aliyeanza kuzungumza na kuku. Orest alijaza pamba mpya, akatandaza nailoni juu yake bila kuacha nafasi ya kupitisha unyoya. Wajenzi wengine huishia hapo, wakaiachia nailoni kazi zote. Orest alisema unyevu una safari mbili: mwingi unapanda upepo na kupenya kwenye nyufa, na kidogo unajipenyeza taratibu hata pasipo ufa. Kwa hiyo kila safari aliipa askari wake. Nailoni ilinde ule wa taratibu. Upepo uzuiwe na bodi zenyewe. Kila mti ambao bodi ingeugusa aliubandika utepe wa sponji. Kila maungio, silikoni. Kila soketi ya umeme aliifunika mgongo kama mtoto mchanga. Alitoboa tundu dogo la waya, akapiga magoti dakika kumi kuliziba. Chini ya nyumba akaweka sanduku la kubadilisha hewa, linalotoa hewa chafu na kuingiza safi iliyokwisha kupashwa joto, ili wasije wakafa ndani ya uhodari wake.

Kijijini walimwita Mfunga Chupa. Wanaume walimsimamisha nje ya kanisa wakamuuliza kizibo atakiweka wapi. Orest aliwajibu kwamba bado anatafuta kizibo chenye ukubwa wa kichwa cha mmoja wao, akarudi kwenye silikoni yake.

Na tangu Desemba, ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa mkavu. Kila asubuhi, kabla ya sala, Parania aliupapasa kwa kiganja. Hakumwambia mtu. Kikohozi kilikuwa kimepungua, na hilo pia hakulisema, kwa kuwa mtu akishakohoa miaka mitatu hapendi kuonekana alikuwa anaweza kuacha.

*

Metro na mkewe Silvia walifika saa saba mchana. Metro alibeba divai, chungwa moja moja kwa kila mtu, na faili la rangi ya kahawia. Parania alilijua faili hilo. Ndani yake mlikuwa na fomu za nyumba ya wazee mjini, chumba kimoja, dirisha linalotazama maegesho ya magari, dola mia tisa kwa mwezi. Metro ndiye angelipa. Alikuwa amelisema hilo mara tatu kwenye simu, na alilisema tena akivua koti.

“Anakula vizuri?” alimuuliza Orest, mama yake akiwa amesimama baina yao na bakuli mkononi.

“Muulize.”

Metro aliinama kidogo, akapaza sauti kama mtu anayeita ng’ambo ya mto. “Mama, leo ni siku gani?”

“Ni siku ya wewe kuvua viatu ukiingia kwangu.”

Silvia alikohoa ndani ya glovu. Metro alivua viatu.

Hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri liandikwe. Novemba ya mwaka juzi ndiye aliyemkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda, midomo ya bluu, akihangaika kuvuta pumzi, na tangu siku hiyo hakuwa amelala vizuri. Yeye na Orest walikuwa wamebishana msimu mzima, mpaka wakapeana mikono mezani, mbele ya mama yao aliyekuwa akimenya viazi, na hakuna aliyemuuliza. Mashine ingekuja kupima nyumba. Kitabu cha wapimaji kinasema nyumba iliyofungwa vizuri, feni ikivuta kwa nguvu saa nzima, hewa yake isibadilike zaidi ya mara moja na nusu. Ikisoma moja na nusu au chini, Mama anabaki. Ikisoma zaidi, kuta zitaoza tena na Mama anakwenda mjini Jumatatu. Ile nambari ilikuwa kwenye friji pia, chini ya sheria ya misumari.

Parania aliipita nambari hiyo mara ishirini mchana ule. Kila alipoipita aliangalia kona ya mashariki, ambako Mama wa Mungu alikuwa akimtazama kwa jicho la mtu anayejua alichokalia.

*

Mpimaji aliitwa Lund, kijana mwenye ndevu nyekundu na adabu nyingi. Alipoiona meza imetandikwa nyasi kavu chini ya kitambaa cheupe, na sahani moja ya ziada kwa ajili ya waliokufa, alitambua kwamba amekuja kupima upepo kwenye mkesha wa Krismasi ya watu. Kwake yeye Krismasi ilikuwa imekwisha siku kumi na mbili zilizopita. Aliomba radhi hadi masikio yakafanana na ndevu. Parania alimsamehe, akamwambia asijali, ataondoka ameshiba.

Walizima tanuru la kupashia nyumba joto, wakaziba sanduku la hewa, wakafunga madirisha. Lund aliondoa mlango wa mbele kwenye bawaba, akaziba nafasi yake kwa turubai jekundu lenye feni kubwa katikati. Orest alisimama karibu, mikono mgongoni, kama mwanafunzi siku ya kusomwa matokeo. Alikuwa amevaa shati jeupe. Parania aliona kwamba amelipiga pasi mwenyewe, na kwamba amesahau ukosi.

Feni ikaanza. Masikio yakabana. Nyumba nzima ilivuta pumzi ndani, ikaishikilia.

Na kwenye kona ya mashariki, kitambaa cha kutarizi kikaanza kusogea.

Kilisogea taratibu mwanzoni, pembeni mwa picha, kama mtu anayegeuka usingizini. Feni ilipoongeza mwendo kikajaa, kikainuka, kikatuna mbele, na jogoo wekundu aliowatarizi Parania alipokuwa msichana wakaanza kutembea hewani. Silvia ndiye aliyekiona kwanza. Alishika mkono wa mumewe, akapiga ishara ya msalaba kwa kinyumenyume, maana alikuwa amekulia kanisa jingine.

“Metro,” alinong’ona. “Anapumua.”

Lund alikuwa na kibomba kidogo cha kutoa moshi, wa kuonyesha upepo unakoingilia. Akageuka kuelekea kona. Parania alimkuta katikati ya sebule na sahani ya pirohi, vile viandazi vya kuchemsha vilivyojazwa viazi.

“Kula, kijana.”

“Asante, bibi, nikimaliza kona hii.”

“Zikipoa zinakuwa kama raba. Kula mbili.”

Alikula nne. Hakuna mpimaji aliyewahi kuzuiwa kwa mbinu safi kuliko ile. Lakini feni haili pirohi. Lund alifuta vidole, akasoma vipimo viwili vyenye mishale, akabonyeza mashine yake ya hesabu, akabonyeza tena.

“Moja nukta saba,” alisema. “Samahani, Bwana Hrynchuk. Ni kazi nzuri sana. Nyumba za kawaida huku nazipimia sita, saba. Lakini ni moja nukta saba.”

Metro aliliweka faili mezani, juu ya nyasi na kitambaa cheupe, akatoa kalamu. Hakuonekana kufurahi.

Orest alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alianza na ukuta wa kusini, shavu kwenye ubao wa chini, akisikiliza upepo kwa ngozi. Alipapasa soketi moja baada ya nyingine. Alipita chini ya dirisha. Shati jeupe liliokota vumbi. Alipofika katikati ya ukuta alikaa juu ya visigino vyake, akasema bila kumtazama mtu kwamba huenda ni chini ya dirisha, siku ile alikuwa amechoka, huenda utepe haukukaa vizuri. Akasema ni kosa lake. Alimwambia hivyo Metro, mdogo wake, ambaye yeye Orest ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na Metro akamjibu kwa upole kwamba si aibu, kaka, umejitahidi.

Parania aliona ukosi wa lile shati.

Alijua vizuri kitakachomfikia akifungua mdomo. Mwanamke mzee anayechonga kuta kwa kisu cha mkate ni mwanamke anayetafutiwa chumba chenye dirisha la maegesho, bila mashine kupima chochote. Akinyamaza, angekwenda mjini na akili zake timamu. Akisema, angekwenda kama kichaa. Lakini Orest angebaki na heshima ya ukuta wake.

Aliweka sahani chini, akaenda konani, akamwondoa Mama wa Mungu juu ya cherehani kwa mikono yote miwili.

“Inuka hapo, Orest,” alisema. “Dirisha lako ni zima. Ni mimi.”

Wote walilitazama tundu, na vitundu tisa vya misumari vilivyolizunguka, na pamba ya kioo iliyokuwa ikichungulia nje kama mnyama aliyeamshwa.

“Nilikuwa natafuta mti,” alisema Parania.

*

Metro alisema alichotarajiwa kusema. Alikisema kwa Orest, juu ya kichwa cha mama yake: unaona, kaka, anatoboa kuta, kesho atawasha moto kitandani. Orest alikuwa ameingiza vidole viwili ndani ya tundu, akipapasa kingo zake, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Palikuwa na kitu kama nafuu.

“Tundu hili peke yake lina thamani gani?” alimuuliza Lund.

Lund alilipima kwa macho. Alisema huenda nukta mbili, huenda zaidi, hawezi kuapa. Likizibwa atapima tena, lakini ana saa moja tu, barabara inafungwa na theluji ya upepo.

Orest alikimbilia bandani bila koti. Alirudi na ndoo yake ya lipu ya kuunganishia bodi, akaigeuza juu chini. Hakuna kilichomwagika. Ilikuwa imeganda kuwa jiwe moja jeupe, na mwiko ndani yake umesimama wima kama bendera. Mirija ya silikoni ilikuwa hivyohivyo. Kuyeyusha ni kazi ya usiku kucha.

“Basi,” alisema Metro.

“Nani kasema basi,” alisema Parania.

Alichukua sufuria ndogo, unga vijiko vitatu, maji, chumvi kidogo. Alikoroga kwenye jiko la umeme mpaka ukawa uji mzito unaong’aa. Kila Oktoba kwa miaka hamsini na minane, kabla Orest hajajua neno nailoni, wanawake wa kijiji hicho walizifunga nyufa za madirisha kwa gundi ya unga na vipande vya gazeti, na Aprili wakazibandua. Parania aliwahi kufunga madirisha ya shule nzima kwa mchana mmoja, akiwa na mimba ya huyohuyo mhasibu.

Alikata kipande cha mfuko wa unga, kigumu, kikubwa kuliko tundu. Alikipaka, akakiweka. Juu yake akaweka vipande vya gazeti la parokia, virefu, vya upana wa vidole viwili, kimoja kikipanda ukingo wa kingine, akisukuma hewa nje kwa ubavu wa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Vile vitundu tisa kila kimoja akakipa kiraka chake. Orest alisimama nyuma yake akimkatia karatasi, akimpa kabla hajaomba.

“Kwanza katikati, ndipo ukingo,” alinung’unika Parania. “Usiache kunyanzi. Kunyanzi ni mlango.”

“Ndivyo ninavyowafundisha vijana kazini, Mama. Utepe wa karatasi na lipu. Ni kazi hiyohiyo.”

“Na wanakulipa kwa hii?”

“Dola kumi na moja kwa saa.”

Parania aligeuka akamtazama mwanawe wa kwanza kwa heshima mpya.

Silvia alileta mashine yake ya kukausha nywele. Hakuombwa. Alisimama juu ya kigoda na soksi zake za mjini, akaupuliza ukuta dakika kumi na tano, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mama mkwe wake alimwambia anafanya vizuri.

Feni ikaanza tena. Masikio yakabana. Kiraka kilijaa kidogo, kikatuna kama koo la chura. Walikuwa wamesimama wote watano nusu duara mbele ya kiraka cha gazeti, kimya kama mbele ya altare, na aliyesogea karibu aliweza kusoma juu yake nusu ya tangazo la kifo cha mzee mmoja wa Yorkton aliyependwa na wote. Lund aliongeza mwendo. Kiraka kilitulia hapohapo.

Mishale ilisimama. Lund alibonyeza, akarudia, akaifuta miwani akarudia mara ya tatu.

“Moja nukta nne.”

Orest alikaa chini. Hakuchagua kiti, alikaa sakafuni, na shati lake jeupe.

“Lazima niandike kwamba kiraka ni cha muda,” aliongeza Lund, “na kitawekwa bodi.”

“Andika,” alisema Parania. “Na uandike unga ni wa nani.”

Metro alikuwa bado ameshika kalamu. Alikwenda hadi ukutani, akaweka kiganja juu ya kiraka, kisha akakipeleka pembeni kwenye ukuta wenyewe, kisha akaingia chumbani kwa mama yake. Walimsikia akisogeza kitanda. Alikaa huko kwa muda. Alipotoka alikuwa akitazama mkono wake, mkavu, mbele na nyuma.

“Kuna joto,” alisema.

“Nimekuwa nikiupapasa kila asubuhi,” alisema mama yake. “Ungeniuliza.”

*

Lund aliondoka na pirohi kumi na mbili ndani ya kopo la kahawa. Mlango ukarudi kwenye bawaba zake, tanuru likanguruma chini. Silvia, akitafuta mahali pa kuweka sufuria ya moto ya supu nyekundu, alilikuta faili la kahawia mezani na kuiweka juu yake. Metro aliona. Alisogeza sufuria kidogo ili isimwagike.

Orest alikuwa konani na nyundo. Aligonga ukuta kwa kidole karibu na dari: pu, pu, pu. Kisha ko.

“Upo hapa,” alisema. “Niliuweka Oktoba, kabla ya nailoni, kabla ya chochote. Ubao mzima wa mwaloni, kwa ajili yake tu. Nilikuachia alama, Mama. Msalaba wa penseli. Nilijua utautambua.”

Parania aliutazama ufagio.

“Nilidhani ni uchafu,” alisema.

“Ni palepale ilipokuwa zamani. Nilipima kabla ya kubomoa.”

Orest alichovya ncha ya msumari ndani ya gundi ya unga iliyobaki, akaupiga, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mti. Aliitundika picha. Wote wakaona jambo ambalo yeye peke yake hakuwa amelifikiria: Mama wa Mungu alikuwa juu sana, na mkono wa Parania, ulioinuliwa hadi mwisho, uliishia dhiraa nzima chini ya fremu.

“Umefupika, Mama,” alisema Metro. Hakupaza sauti safari hii.

“Sijafupika. Ninyi mmeinua nyumba.”

Orest aliishusha picha. Alitoa mfukoni kamba nyeupe ya kupimia kuta, akaifunga kwenye fremu. Kisha akamwomba mama yake asimame konani, wima, bila viatu. Hakupima ukuta. Alimpima yeye, kutoka sakafuni hadi midomoni, akaifungua kamba kwa urefu uliotakiwa, akatundika. Picha ikashuka, ikatulia mbele ya kiraka na kukifunika chote.

Parania aliibusu bila kuinua kisigino.

Silvia, dirishani, alisema nyota imetoka. Wakakaa. Metro, kwa mazoea ya kazi yake, alihesabu vyakula mezani kwa kalamu, akafika mwisho, akarudia. Kulikuwa na chupa mbili za samaki, na mojawapo ilikuwa na nyuzi za soksi kwenye kifuniko.

“Kumi na vitatu,” alisema. “Mama, desturi ni kumi na viwili.”

Orest aliivuta ile chupa ya pili karibu yake. Aliokota uzi wa soksi, akautazama kwenye mwanga wa mshumaa, kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kwa ajili ya sala chini zaidi kuliko alivyowahi kukiinamisha.

“Kumi na viwili ni vya Krismasi,” alimwambia mdogo wake. “Hiki ni cha msumari.”